Rufaa ya Mikono ya Asubuhi

Mikono yangu huchelewa kuamka kuliko mimi. Nafungua macho saa kumi na moja alfajiri, lakini vidole vinabaki vimekunjamana kama makucha ya kuku aliyelala juu ya kijiti. Navitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na kusubiri. Saa tatu vinaanza kulegea. Saa nane mchana, kama siku ni nzuri, naweza kushika sindano nikashona kifungo. Ukinikuta saa hiyo, ukaambiwa huyu mama ni mgonjwa, utamcheka aliyekuambia.

Ugonjwa wenyewe ni baridi yabisi. Ulinianza nikiwa na miaka thelathini na tano, nikifundisha darasa la kwanza katika shule moja ya msingi wilayani Ikungi, si mbali sana na Mungaa. Darasa la kwanza ni kazi ya mikono kuliko ya kichwa. Unashika kiganja cha mtoto anayeshika penseli, unaandika irabu ubaoni asubuhi hadi mchana, unafunga kamba za viatu, unapangusa makamasi. Mwanzoni viliuma vidole viwili vya mkono wa kulia, nikasingizia chaki na baridi ya Julai. Mwaka wa tatu maumivu yalikuwa kwenye viwiko na magoti, na chaki ilikuwa inaniponyoka mbele ya watoto, nao wanacheka wakidhani ninawachezea.

Hospitali walinipa vidonge vilivyouvimbisha uso wangu ukang'aa kama andazi. Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu huku kwetu mtu aliyenenepa ni mtu mwenye afya. "Mwalimu, umenawiri! Mambo yamekunyookea," watu waliniambia njiani. Nilicheka nao. Ningewaambia nini?

Nilikuwa nimerudi kuishi kwa mama yangu. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika miaka mingi nyuma, na mtoto hatukujaliwa. Mama ni mjane, amezidi miaka sabini, Kiswahili chake ni cha kujifunzia ukubwani, na nyumbani tunaongea Kinyaturu. Jambo la mimi kuachika lilimuuma kuliko lilivyoniuma mimi. Kuhusu mikono yangu alikuwa na maneno machache. Alinichemshia maji kila asubuhi, akaniwekea beseni karibu na kitanda, akaondoka bila kuuliza kitu.

Daktari ndiye aliyeniambia niombe kustaafu kwa ugonjwa na kudai mafao ya ulemavu kwenye mfuko wa pensheni niliokuwa nikichangia. Nilijaza fomu. Nikaitwa mbele ya jopo la madaktari mjini Singida. Tulikuwa wengi kwenye benchi, wenye magongo na waliobebwa, na zamu yangu ilifika saa nane na nusu mchana. Daktari mmoja aliniambia nifungue kiganja. Nikafungua. Akaniambia nifunge. Nikafunga. Akaniambia nimminye vidole, nikamminya.

"Vizuri," alisema, akaandika.

Nilitaka kumwambia kwamba asubuhi hiyo mama ndiye aliyenivisha gauni. Lakini aliyefuata alikuwa ameshaingia, tena hana mguu. Nikaona haya, nikatoka.

Barua ya kukataliwa ilifika shuleni baada ya miezi minne. Ilisema jopo limeona naweza kuendelea na kazi. Hilo nilikuwa nalitarajia kidogo. Kilichonikata maini ni mstari wa chini: "Aidha, kwa mujibu wa taarifa ya ukaguzi wa nyumbani, mwombaji ana uwezo wa kufanya shughuli za kilimo na za nyumbani bila msaada."

Nilisoma mstari huo mara nyingi. Ukaguzi wa nyumbani? Nyumbani kwa nani? Mimi sikuona mgeni yeyote. Nilimuuliza balozi wetu wa nyumba kumi kama kuna watu waliofika kuniulizia. Akasema hakumbuki. Jibu lenyewe halikunikaa vizuri. Balozi anakumbuka mpaka mbuzi wa mtu aliyepotea miaka mitatu iliyopita. Iweje asahau wageni?

Kuanzia siku hiyo kila uso nilioufahamu ukawa na kitu nyuma yake. Mwalimu mkuu akinisalimia kwa uchangamfu, nilijiuliza anaficha nini. Akinisalimia kwa haraka, nilijiuliza anakwepa nini. Nikichambua mboga nje, bodaboda ikapita barabarani, niliacha na kuingia ndani. Siku moja mikono ilikuwa imefunguka vizuri, nikabeba ndoo nusu kutoka bombani. Mwanamke mmoja akaniambia, "Leo umeweza, mama!" Nilirudi nyumbani, nikafunga mlango. Kwa nini alisema "leo"? Alikuwa anahesabu siku zangu?

Mwisho nikamfikia rafiki yangu.

Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mdogo wangu kwa miaka minane hivi, akiishi kwenye nyumba za walimu. Asubuhi mikono ikinigomea, yeye ndiye aliyenifunga vifungo vya blauzi ofisini kabla watoto hawajaingia mstarini, na yeye ndiye aliyeshika darasa langu pamoja na lake mpaka saa nne. Aliniita dada. Sasa nikakumbuka kwamba kila akinirudishia darasa alitoa daftari dogo kwenye mkoba wake, akaandika kitu, akalirudisha. Niliwahi kumuuliza anaandika nini. Alicheka tu, "Mambo ya kazi, dada." Nikakumbuka pia kwamba shamba letu la alizeti liko kando ya njia anayopita kwenda kanisani. Na kwamba nikiondoka vibaya, yeye ndiye angekabidhiwa usimamizi wa madarasa ya chini, niliokuwa nao mimi.

Mambo haya moja moja hayana uzito. Nikiyaweka pamoja, yalinitosha.

Nilimvizia wakati wa mapumziko, nyuma ya ofisi, penye tangi la maji.

"Waliokuja kwangu uliwaambia nini?" nilimuuliza.

"Waliokuja wapi, dada?"

"Usiniite dada. Unaandika siku zangu kwenye daftari, unadhani sioni?"

 Aliweka chini kikombe chake cha chai, taratibu, kama mtu anayeogopa kukivunja.

"Miezi minane nimekufunga vifungo," alisema. "Kama nilitaka kukusema, si ningewaambia kwamba huwezi hata kuvaa? Ningekuharibia nini kwa kusema unalima?"

Hoja yake ilikuwa sahihi kabisa. Mimi sikutaka hoja. Nilimwambia wivu una akili nyingi kuliko zangu. Akachukua kikombe chake akaondoka, na kuanzia kesho yake nilikwenda shuleni na sweta lisilo na vifungo.

Muda wa kukata rufaa ulikuwa umebaki wiki tatu. Nilipanda Noah ya abiria mpaka mjini, nikaenda kwenye ofisi ya mfuko. Dirishani alikuwa kijana mwenye miwani.

"Shikamoo, mwalimu," alinisalimia baada ya kusoma barua yangu ya rufaa.

"Marahaba."

"Rufaa hii umeandika malalamiko. Hujaandika hoja. Ukiipeleka hivi itarudi."

Nikaona ndiyo yale yale, anataka nimpoze kwanza. Nikanyamaza ili aseme mwenyewe kiasi. Akainama karibu na tundu la kioo, sauti chini, nami nikajiandaa kumchukia.

"Omba kuona jalada lako. Ni haki yako, ila wengi hawaombi. Andika ombi hapa hapa, nitalipeleka kwa bosi. Ukishajua kilichosemwa, ndipo ujibu."

"Na wewe unapata nini?" lilinitoka.

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Sipati kitu, mwalimu. Mama yangu ana miguu kama mikono yako." Akanisogezea karatasi.

Hata hapo sikumwamini. Niliandika ombi huku nikitafuta mtego uko wapi. Mkono ulikuwa umeanza kukaza, herufi zikapanda na kushuka kama za mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza.

Baada ya siku kumi niliitwa. Nilikalishwa kwenye chumba kidogo chenye meza na mama mmoja wa masijala, ambaye kazi yake ilikuwa kunitazama nisichane kitu. Jalada lilikuwa jembamba. Taarifa ya ukaguzi ilikuwa ukurasa mmoja, imeandikwa kwa mkono. Maofisa wawili walifika nyumbani kwa mwombaji siku ya kazi, mwombaji akiwa shuleni. Walimkuta mzazi wake. Mzazi alieleza kwamba mwombaji huamka kabla ya jua, huchota maji ndoo mbili, hufua, hutwanga, na ekari mbili za alizeti amezilima yeye mwenyewe kwa jembe. Mzazi alieleza kwamba mwombaji hajawahi kuugua ugonjwa wowote tangu azaliwe.

Chini kulikuwa na jina la mama yangu. Pembeni ya jina, dole gumba la wino wa bluu.

"Mama, maji?" yule wa masijala aliniuliza. Nadhani nilibadilika sura.

Ndani ya gari kurudi nyumbani sikuwaza jopo wala mafao. Niliwaza beseni la asubuhi. Mtu anayenichemshia maji ili vidole vifunguke alikuwa ameweka dole lake kwenye karatasi inayosema siumwi. Nikaanza kutafuta sababu, na kichwa kilichokwisha kuzoea kushuku kikaniletea nyingi. Anaogopa nikiacha kazi nitakuwa mzigo wake. Kaka zangu wamemshawishi. Labda hajawahi kuniamini, ananichemshia maji kama anavyomchemshia mtoto anayedeka.

Nilimkuta anapeta uwele uani. Nilimwamkia, akaitikia, nikakaa kwenye kinu kilicholazwa. Niliongea Kinyaturu, kwa sababu kuna maneno ambayo kwa Kiswahili ningeyasema kwa ukali.

"Mama, kuna watu wawili waliwahi kufika hapa nikiwa shuleni?"

Ungo ukasimama mikononi mwake. Usoni mwake ikaja furaha ambayo sikuitegemea.

"Wamerudi?"

"Kina nani?"

"Wale wa posa."

Sikuelewa. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwa khanga, akanieleza kwa sauti ya mtu anayefungua kitu alichokihifadhi. Walikuja wanaume wawili, watu wazima, wamevaa vizuri, na viatu vimepigwa rangi. Wakaamkia vizuri. Wakasema wametoka mjini, wana mazungumzo kuhusu binti yake. Wakauliza: anaamka saa ngapi? Maji anachota mwenyewe? Anaweza kufua, kupika, kulima? Hana ugonjwa unaomsumbua?

"Mimi nimeozesha mabinti wengine wawili," alisema mama. "Maswali ya posa nayajua. Nikajua kuna mtu amekuona mjini, amewatuma wazee wake wachunguze kwanza. Ulitaka niwaambie mwanangu hawezi kufunga kifungo?"

"Na karatasi, mama? Walikuwekesha dole."

"Nikaona siku hizi posa ina karatasi. Kila kitu siku hizi kina karatasi."

Hakuniambia kwa sababu posa haitangazwi kabla haijakomaa; inaweza kuingiliwa na maneno ya watu. Alikuwa akisubiri warudi. Kulikuwa na jogoo mwekundu ambaye miezi yote hiyo mama alikuwa hataki auzwe wala achinjwe, nami nilidhani anampenda tu.

Nilimwambia wale walikuwa nani. Nilieleza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikataa. Ya pili akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, miguu ameinyoosha.

"Kwa hiyo nimekula haki yako," alisema.

"Hapana, mama."

"Kwa nini hawakusema wanatafuta nini? Mtu akija kuulizia binti yangu anaamkaje, mimi namjibu kama mama."

Tulilia wote wawili, kila mtu akitazama upande wake. Na ndani ya kilio kile nilimkumbuka rafiki yangu na kikombe chake cha chai.

Kwenda kwake kulikuwa kugumu kuliko kwenda ofisi ya mfuko. Nilibisha hodi kwenye nyumba za walimu Jumamosi asubuhi. Alitoka akabaki mlangoni. Nilimwambia yote, jinsi nilivyomwona mchawi wangu wakati ni mama yangu aliyekuwa ananitafutia mume. Hakucheka. Aliniomba nisubiri, akaingia ndani, akatoka na lile daftari.

"Mwalimu mkuu alitwambia, anayeshika darasa la mwenzake aandike, isije ikasemekana vipindi havikufundishwa," alisema. "Mimi niliandika na sababu. Sikukuonyesha kwa sababu ungeona haya."

Nilifungua. Tarehe, kipindi, na sababu, kwa mwandiko wake wa duara. "Mikono imegoma, hawezi kushika chaki." "Amekuja, ameshindwa kufungua mlango wa darasa." "Analia, nimemkalisha ofisini." Kurasa kwa kurasa. Sikujua kwamba zilikuwa asubuhi nyingi kiasi kile.

"Lichukue," alisema. "Mwalimu mkuu atagonga muhuri. Lakini kuniita mbele ya watu sitakuja, usiniombe."

Katika rufaa niliandika hoja tatu, yule kijana wa miwani akanirekebishia maneno. Nilieleza jinsi taarifa ya ukaguzi ilivyopatikana. Niliambatanisha daftari. Na niliomba jambo moja: jopo linione saa mbili asubuhi, si mchana.

Wakakubali. Tulilala mjini kwa binamu yangu, mimi na mama. Asubuhi nilimkataza asinichemshie maji. Alinivisha, akanifunga kilemba, akanishika kiwiko mpaka chumba cha jopo. Daktari hakuwa yule wa kwanza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno.

"Fungua kiganja."

Nilijaribu. Vidole vilisogea kidogo vikabaki hapo. Akajaribu kuvinyoosha mwenyewe, nikapiga ukelele kabla sijajizuia. Akanitazama machoni muda mrefu, nami nikajua anapima kama ukelele ni wa kweli. Nimewatazama watu hivyo hivyo. Niliijua ile sura.

Kisha akamgeukia mama. "Bibi, kwanza ulisema mwanao analima ekari mbili. Sasa unasema hawezi kuvaa. Nikuamini lini?"

Mama alisimama. Alijibu kwa Kiswahili chake chenye mawe mawe.

"Siku ile nilisema uongo, nikidhani ni posa. Leo nasema kweli. Ukitaka kuniadhibu, niadhibu mimi. Yeye si aliyesema."

"Na leo unajua ni mafao."

"Najua," mama alisema. "Ndiyo maana sikutegemei uamini mdomo wangu. Tazama mikono."

Mjumbe mmoja akacheka kidogo akijifunika kwa faili. Daktari hakucheka. Alilivuta lile daftari, akalisoma kurasa kadhaa, akarudi nyuma, akasoma tena. Akauliza aliyeandika ni nani kwangu. Nilitaka kusema rafiki. Nikasema, "Mwalimu mwenzangu. Tumekosana." Akaandika na hilo.

Barua ya pili ilikuja mvua zikiwa zimeanza. Rufaa imekubaliwa. Nilistaafu mwisho wa muhula, watoto wa darasa la kwanza wakaniimbia wimbo ambao nusu yao hawakuyajua maneno yake. Jogoo mwekundu tulimchinja. Mama alimpika na kumgawa kwa majirani, akiwemo balozi, ambaye mpaka leo sijui kama kweli hakumbuki au alikatazwa kusema.

Barua hiyo ina mstari wake wa chini pia. Inasema mfuko unaweza kupitia upya hali yangu wakati wowote bila taarifa. Siku zangu nzuri zinakuja bado. Juzi mikono ilikuwa myepesi, nikaenda kupalilia karanga nyuma ya nyumba, matuta mawili tu, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kushika jembe. Bodaboda ikasikika. Nililala chini kati ya matuta kama mwizi mpaka ilipopita, tope likinilowesha gauni. Nilijisikia mjinga, lakini sikuinuka haraka.

Rafiki yangu nilimpelekea habari ya barua siku ile ile. "Hongera, mwalimu," aliniambia, akanipa mkono kwa uangalifu, bila kuubana. Si dada tena. Nilimwomba msamaha kwa mara ya tatu. Akasema amekwisha kusamehe, ila kuna kitu bado hakijakaa mahali pake, nimpe muda. Huwa naenda kumwona Jumapili baada ya ibada. Ananikaribisha chai, tunaongea habari za watoto na mvua. Nikiondoka ananisindikiza mpaka kona ya uwanja wa shule, halafu anarudi.